Sakafu kwanza, bei ya mita ya mraba baadaye

"Ghala ni ghala bwana, mradi lina paa na geti." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, na mtu aliyekuwa na kalamu mkononi tayari kusaini mkataba wa miaka 5. Nikamwuliza ataweka nini humo. Vigae, akasema. Vigae! Kwenye jengo lililojengwa kwa ajili ya magodoro.

Mepesi tuyamalize haraka. Ghala la kuhifadhi linataka kimo. Kituo cha usambazaji kinataka milango mingi ya kupakilia na uwanja ambao trela litageuka bila kugonga ukuta. Kiwanda kinataka umeme wa fezi tatu wa kutosha mashine zako, siyo wa kuwasha taa tu, na pa kupeleka majitaka. Ghala la kugandisha ni habari nyingine kabisa: sakafu yake huwekewa kizuia joto, na chini yake hupashwa joto kidogo, la sivyo udongo unaganda, unavimba na kuinua zege. Anayekuambia "tutafunga mashine ya baridi tu" mwage mapema. Halafu kuna majengo mchanganyiko, ofisi mbele na karakana nyuma. Hayo mipaka yake haieleweki, na sisi madalali huyaita jina lolote linaloleta kodi nzuri.

Kimo nacho kina hila. Tangazo linasema mita 10, mpaka wapi? Wewe usipime mpaka kwenye paa, pima mpaka kwenye kitu cha kwanza kitakachokuzuia: boriti, taa, bomba la vinyunyizio vya kuzima moto. Na vinyunyizio havitaki mzigo uviguse, kwa hiyo toa nafasi hiyo pia.

Sasa sakafu, inayonikosesha usingizi. Karatasi inasema "tani 5 kwa mita ya mraba", mpangaji anatoa kikokotoo, anagawanya, anafurahi. Namba hiyo ni ya mzigo uliotandazwa sawasawa. Rafu haitandazi chochote. Chukua rafu ya ngazi 4, kila ngazi paleti 2 (majukwaa ya kupangia mzigo) za tani moja moja: hizo ni tani 8 kwa kila uwazi, yaani nafasi kati ya fremu mbili za nguzo. Fremu ya katikati hubeba nusu ya kushoto na nusu ya kulia, yaani tani 8 zile zile, kwa miguu 2. Tani 4 kila mguu, juu ya kibati kisichozidi sana kiganja cha mkono. Hapo "tani 5 kwa mita" haikusaidii kitu. Unahitaji kujua unene wa zege, nondo zake, viungo vyake, na udongo ulio chini. Foklifti nayo ikinyanyua mzigo, karibu uzito wote unahamia magurudumu ya mbele.

Kwenye majengo ya zamani, nikisema ukweli, namba hiyo mara nyingi imenakiliwa kutoka tangazo moja hadi jingine na michoro haipo. Ukitoboa zege utajua unene. Udongo bado ni wa kukisia, na wahandisi wawili wanaweza kukupa majibu mawili kwa sakafu moja. Mimi humwomba mwenye jengo aandike mkatabani uwezo wa sakafu kwa mguu wa rafu. Akikataa, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha matengenezo, maana kama ukarabati wote umewekewa mpangaji, ufa wa kwanza utakaotokea ni bili yako.