Usalama wa Mtoto Mikononi mwa Mtoa Tiba ya Viungo

Mtaalamu wa fiziotherapia, sawa na mkandaji wa mtaani anayeletewa mtoto aliyeteguka mguu, huona sehemu za mwili ambazo mwalimu wala jirani hawazioni. Ndiyo maana hapa Malindi tunawasisitizia wote wanaotoa tiba hii kwamba kutambua dalili za dhuluma ni sehemu ya kazi yao.

Alama zote hazina uzito mmoja. Mtoto anayekimbia huvilia damu magotini, kwenye miundi na kwenye paji la uso, na hilo ni la kawaida. La kutiliwa shaka ni vilio la damu sikioni, shingoni au kiwiliwilini kwa mtoto wa chini ya miaka 4, au popote kwa mchanga ambaye hajaanza kutambaa, hasa maelezo ya mlezi yanapobadilika-badilika. Hata hivyo, watoto wetu wengi huzaliwa na baka la kibuluu kiunoni au matakoni, ambalo haliumi likiguswa wala halififii kwa siku chache kama jeraha. Liandikwe kwenye faili mapema, familia isije ikashukiwa bure.

Mtoto akisema neno, msikilize hadi amalize. Usimtilie maneno kinywani, usimwahidi kumfichia siri, wala usimkabili unayemshuku. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe, saa na mchoro wa mahali alama ilipo. Kuchunguza si kazi yetu. Siku hiyo hiyo taarifa ifike kwa afisa wa watoto au polisi, au ipigwe simu 116, ambayo ni bure na hupokewa usiku na mchana. Ikihofiwa kwamba amenajisiwa, apelekwe hospitali mara moja bila kuogeshwa, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe ndani ya saa 72. Nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki huweka unyevu na kuharibu ushahidi.

Lililo gumu zaidi ni pale wazee wanapokaa kikao, faini ikalipwa, na jambo likafunikwa kwa jina la sitara. Sitara hiyo humhifadhi mkosaji, na mtoto akabaki naye nyumba moja. Unajisi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na haumalizwi barazani.

Nasi tujichunge. Mtoto atibiwe mlezi wake akiwepo, au mhudumu mwingine ikiwa mlezi ndiye anayeshukiwa. Afunuliwe sehemu inayotibiwa tu, aelezwe mkono utagusa wapi kabla haujagusa, na akisema basi, uondolewe.