Je, wajua kwa nini adhabu ndogo nayo hukatiwa rufaa?

Tumezoea kusikia rufaa ya aliyefungwa. Lakini upande wa mashtaka nao waweza kukata, hata kama mshitakiwa ametiwa hatiani, kwa hoja kwamba adhabu haikulingana na kosa.

Tuseme kijana amekamatwa Chake Chake, Pemba, na kete 80 za heroini, kila moja imefungwa kwa kipande cha nailoni na kuchomwa ncha. Mkemia Mkuu wa Serikali amethibitisha ni unga. Kijana anakiri, anaomba huruma: kosa la kwanza, mama yake mgonjwa. Hakimu anamtoza faini, jioni yuko nyumbani. Mama yake amepumua. Ila mtaa wa pili yuko mama mwengine, mwanawe ameuza mpaka masufuria ya ndani apate kete, na huyo mahakamani hakuwa na wa kumsemea. Kwangu mimi, rufaa hii ni yake.

Yeye mwenyewe lakini hawezi kuikata. Mwenye uamuzi huo ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Uingereza wamefungua mlango zaidi: tangu 1989 adhabu za baadhi ya makosa mazito, yakiwemo ya dawa za kulevya, hupitiwa upya, na mtu yeyote aweza kumwandikia Mwanasheria Mkuu wao ndani ya siku 28.

Hasira haishindi rufaa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1954 kuwa jaji wa juu habadilishi adhabu kwa sababu tu yeye angetoa nyengine. Lazima ionekane hakimu ameteleza kwenye msingi wa sheria, amelisahau jambo zito, au adhabu imepindukia mno. Sheria ikitaka Chuo cha Mafunzo, yaani jela, na hakimu akatoa faini tupu, hapo hakuna mjadala wa huruma: adhabu ni batili.

Kesi ngumu ni zile ambazo hakimu alikuwa na nafasi ya kuchagua. Hapo kila kitu hutegemea jalada. Uzito wa unga usipoandikwa, Mahakama Kuu itapima nini? Na mshitakiwa lazima aitwe asikilizwe kabla adhabu haijaongezwa. Wito hupelekwa kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa. Sheha naye anagonga mlango, anaambiwa kijana alishapanda boti zamani.