Kambi ya Wasichana Monasterini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Shule za Ugiriki hufungwa Juni na kufunguliwa Septemba, na katika kipindi hicho cha joto baadhi ya monasteri za kike za Kiorthodoksi huwapokea wasichana kwa kambi ya siku kadhaa. Kambi za namna hiyo zipo pia Marekani, ambako Waorthodoksi ni wachache na wametawanyika, kiasi kwamba binti anaweza kumaliza shule bila kupata rafiki hata mmoja wa imani yake. Familia za Kiorthodoksi zilizohamia huko kutoka Kenya, Uganda, Tanzania au Kongo hualikwa na parokia zao kama wengine. Mwaliko ukifika nyumbani, shangazi na majirani nao wana la kusema. Mengi ninayoyasikia si kweli, na yananiuma kwa sababu yanawanyima watoto kitu kizuri. Machache yana ukweli nusu, na hayo ndiyo magumu kuyajibu.

"Akienda huko harudi, watamfanya mtawa."

Hofu hii ndiyo kubwa kuliko zote, na naielewa. Mzazi wa Kiafrika anayesubiri wajukuu hawezi kuicheka. Lakini Kanisa la Kiorthodoksi lilianza kujihadhari na jambo hilohilo zamani sana. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliandika kwamba nadhiri ya msichana isihesabiwe kabla hajafikisha miaka 16 au 17, akawa na akili yake kamili na akajaribiwa vya kutosha. Akaongeza jambo linaloonyesha alivyowajua watu: wapo mabinti wanaoletwa na wazazi, kaka na jamaa kabla ya umri, bila wito wowote, kwa sababu jamaa wenyewe wanajitafutia nafuu ya maisha. Hao, alisema, wasipokewe kwa haraka mpaka nia yao wenyewe ijulikane wazi.

Ni kweli kwamba Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Trulo, mwaka 692, ulishusha umri wa kuingia monasterini hadi miaka 10, na wanaolishambulia Kanisa hupenda kulitaja hilo. Wangetaja pia Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 861, uliosema kwamba kwa kawaida mtu asivikwe vazi la utawa kabla ya miaka 3 ya majaribio. Leo hakuna mama mkuu anayeijua kazi yake atakayempokea mtoto wa shule kuwa mtawa. Anayetaka maisha hayo huja kama mgeni, hurudi tena na tena, huwa novisi, yaani mwanafunzi wa utawa, na katika muda wote huo mlango wa kutokea uko wazi. Wiki moja ya kambi haiwezi kufanya kazi ya miaka.

Tena watawa wenyewe si watu wasioujua ulimwengu. Ileana, binti wa Mfalme Ferdinand wa Romania, alizaliwa mwaka 1909, akaongoza Girl Guides, skauti wa kike, wa nchi yake, akaolewa na kuzaa watoto 6, kisha akapoteza nchi na kwenda uhamishoni. Watoto walipokua aliingia utawani kwa jina la Mama Alexandra, na mwaka 1967 akaanzisha Monasteri ya Kugeuka Sura huko Ellwood City, jimbo la Pennsylvania. Mama wa namna hiyo haoni kwamba kuolewa ni kushindwa. Msichana anayekaa karibu na wanawake kama hao hukutana na watu wazima waliochagua maisha yao kwa makusudi, na anaweza kuwauliza kwa nini. Nyumbani ni nadra kupata nafasi ya kumuuliza mtu mzima swali hilo.

"Binti amekuwa mkorofi, apelekwe akanyooshwe."

Dhana hii hutoka kwa wacha Mungu, na kwangu ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Monasteri si mahali pa adhabu. Msichana aliyeburutwa hadi huko atauchukia ubani kwa miaka mingi, na wenzake waliokuja kwa furaha watalipa gharama ya hasira yake. Kama hataki, asubiri mwaka mwingine.

"Watashinda njaa, na kusali kutwa kucha."

Ratiba ni ya mapema, hilo sikatai. Kabla jua halijachomoza mtawa huzunguka ua akigonga talanto, ubao mrefu wa mbao unaopigwa kwa nyundo ndogo, na mlio wake mkavu ndio kengele ya kuamkia. Watawa huenda kwenye Sala ya Asubuhi. Wasichana, katika monasteri nyingi, huachwa walale zaidi na kuingia mwishoni au wakati wa Liturujia, ibada kuu ya Komunyo. Jioni kuna sala tena. Kati ya hapo siku ni ndefu: mafundisho, kuimba, bustani, kutembea milimani, kuogelea palipo na bahari, na kazi za mikono.

Kazi za mikono ndizo wengi wao huzisimulia wakirudi. Chukua mkate wa sadaka, prosfora, unaotumiwa kwenye Liturujia. Ni unga wa ngano, maji, chachu na chumvi, basi. Msichana hukanda, huviringa, kisha hugandamiza juu yake muhuri wa mbao uliochongwa msalaba na herufi za Kigiriki zinazotangaza kwamba Yesu Kristo anashinda. Muhuri ukitolewa, donge hutobolewa kwa kijiti chembamba pembeni mwa alama ili hewa itoke, la sivyo mkate utapasuka tanurini na herufi zitapotea. Kesho yake mkate uleule uko madhabahuni. Kwa mtoto ambaye amezoea kuona ibada ni jambo la watu wazima, hilo hubadilisha mengi.

Kuhusu chakula, monasteri nyingi hazipiki nyama mwaka mzima, hasa zinazofuata desturi za Mlima Athos, mlima wa watawa huko Ugiriki. Kuna samaki, mayai na jibini siku zisizo za mfungo. Jumatano na Ijumaa ni maharage, dengu, mboga, zeituni na mkate. Mfungo wa Mzazi Mungu, yaani Maria mama wa Yesu, huwa tarehe 1 hadi 14 Agosti, na kwa wanaofuata kalenda ya zamani huja siku 13 baadaye, kwa hiyo kambi nyingi hupangwa zisiangukie humo. Watoto na wagonjwa hulegezewa masharti. Msomaji wa Pwani atafurahi kujua kwamba pweza, ngisi na kamba huliwa hata siku nyingi za mfungo, kwa kuwa kanuni hukataza samaki mwenye uti wa mgongo. Aliyekulia kwenye makande hatakonda huko.

"Ni kama masista wa Katoliki tu."

Masista tunaowajua Afrika Mashariki ni wa mashirika, na shirika moja linaweza kuwa na shule Moshi na hospitali Kisumu chini ya utaratibu mmoja. Waorthodoksi hawana mashirika ya aina hiyo. Kila monasteri ina mama mkuu wake, askofu wake na desturi zake, ndiyo maana sifa ya kambi moja haiihusu nyingine. Ile ya Utatu Mtakatifu katika kisiwa cha Aegina, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1904 na Mtakatifu Nektario, ambaye awali alikuwa askofu chini ya Patriaki (askofu mkuu) wa Alexandria huko Misri, kiti kilekile ambacho Waorthodoksi wa Nairobi na Bukoba wako chini yake leo. Alifukuzwa Misri kwa fitina, akaishia kuwalea watawa kisiwani.

"Akiwa hedhini haruhusiwi hata kuingia kanisani."

Hapa desturi zinatofautiana, na ni vizuri kusema wazi. Dionisio, askofu wa Alexandria katika karne ya 3, aliandika kwamba mwanamke aliye hedhini asikaribie Komunyo, na monasteri nyingi bado zinashika hivyo. Lakini Patriaki Pavle wa Serbia, aliyefariki mwaka 2009, aliandika makala kuhusu swali hili na kufikia uamuzi kwamba mwanamke katika siku zake anaweza kuingia kanisani, kuimba, kubusu ikoni (picha takatifu) na kupokea mkate uliobarikiwa, ila asishiriki Komunyo. Wapo mapadre wasioona kizuizi chochote. Kinachoumiza ni binti wa miaka 12 kuyasikia haya kwa mara ya kwanza mlangoni, mbele ya wenzake. Mama au shangazi amweleze kabla ya safari, na aulize mapema desturi ya monasteri ile.

"Wanaabudu picha."

Swali hili lilijibiwa katika Mtaguso wa Nisea mwaka 787: ikoni huheshimiwa, ibada ni ya Mungu peke yake. Binti wa Kiprotestanti aliyealikwa na rafiki yake anaweza kusimama kwa heshima bila kubusu chochote.

"Ni mahali patakatifu, hakuna haja ya kuuliza maswali."

Ipo haja, na monasteri nzuri hufurahi ikiulizwa. Je, askofu ameibariki kambi hii? Wasichana wanalala wapi, na mtu mzima gani yuko karibu usiku? Maungamo hufanyikia wapi? Kwa Waorthodoksi huwa mbele ya ikoni kanisani, mahali panapoonekana na wote, na hakuna anayelazimishwa. Simu zikikusanywa, mtoto anayetaka kuongea na mama yake anaipataje? Nani anajua kutumia dawa ya pumu? Muulize mama mkuu mwenyewe, kwa adabu, kabla ya kulipa nauli. Akikwepa kujibu, binti abaki nyumbani.