Ukitaka harufu ya tunda, nenda kwenye jani

Maembe yakianza kuiva, swali ninaloletewa ni lile lile: "Dada, nitapataje mafuta ya embe nitengenezee marashi?" Kuna ambao tayari wameloweka maganda ya dodo kwenye mafuta ya nazi mpaka yakachacha. Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Kwenye nyama ya embe hakuna cha kukamua. Tunda bivu ni maji na sukari. Kinachonukia ni kidogo mno, na kikipata moto kinaharibika. Lichemshe ukusanye mvuke wake, utapata harufu ya jamu iliyoungua. Kwa hiyo sisi tusiotumia harufu za maabara, tukitaka tunda tunalitafuta kwenye majani, na hasa kwenye absoluti za majani.

Absoluti si mafuta ya mvuke kama yale ya mchaichai. Majani hulowekwa kwenye heksani, kimiminika kitokanacho na petroli, ambacho huyeyusha harufu pamoja na nta na rangi. Heksani ikiondolewa hubaki tope la nta. Tope hilo huoshwa kwa alkoholi safi, hupoozwa mpaka nta igande, huchujwa, kisha alkoholi nayo huondolewa. Kinachobaki ni kizito na kimekolea rangi. Tafadhali usijaribu nyumbani: heksani hudaka moto kwa cheche ndogo, na mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Nunua iliyokwisha tengenezwa.

Kwangu mimi, mkubwa wao ni machipukizi ya blakikaranti, Ribes nigrum, tunda dogo jeusi ambalo wengi wetu tunalijua kwa soda na juisi za zambarau. Wafaransa wa Burgundy huyavuna majira ya baridi, wakati jani bado limejikunja ndani ya chipukizi. Mnusishe mtu absoluti yenyewe bila kuichanganya na kitu, atakuuliza paka amekojoa wapi. Wala hajakosea. Ndani yake mna thioli, molekuli zenye salfa. Wakulima wa Mtwara na Lindi salfa tunaijua: ule unga unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Hapa haiji kama unga. Ni atomu moja tu iliyofungwa ndani ya molekuli ya harufu, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe isiyopimika kwa mizani ya dukani.

Pasheni na mapera nayo yana thioli za jamaa hiyo. Pera likiondolewa uvundo ule mdogo linakuwa maji ya sukari. Pita chini ya mikorosho ya Newala au Tandahimba mabibo yakiwa yamedondoka, uvute pumzi: utamu na uvundo vimeshikana, huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Marashi ya asili ya "matunda" mengi ninayonusishwa yana chungwa na langilangi ya Komoro, basi, na hunuka kama pipi. Kinachokosekana ni ule uvundo. Mimi huzimua absoluti ya blakikaranti kwenye alkoholi mpaka asilimia 1, halafu katika mililita 10 za mchanganyiko naanza na matone mawili ya huo uliozimuliwa. Nasubiri hadi kesho yake ndipo niongeze. Ukiona imeanza kujitambulisha kwa jina lake, umezidisha.

Asiyeimudu bei anaweza kujaribu buchu, kichaka cha Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Mafuta ya majani yake ya mvuke yana thioli pia, ila yanakuja na ubaridi wa mnanaa ambao kwenye marashi ya embe unanisumbua. Kwenye nanasi yanakaa vizuri.

Majani ya vayoleti, ua dogo la zambarau linalolimwa Misri na huko Grasse, Ufaransa, hayana harufu ya tunda tamu. Yana tango, ganda la tikiti, majani yaliyokatwa muda huu huu. Mimi huyatia kwenye embe ili lipate ganda lake la kijani, maana embe lisilo na ganda ni juisi. Tahadhari: absoluti hii ni ya kijani kizito. Usimpulizie mtu kanzu nyeupe siku ya Idi.

Sasa mtini. Watu wanapenda sana harufu ya majani yake, tangu L'Artisan Parfumeur ya Ufaransa ilipotoa marashi ya Premier Figuier mwaka 1994, kazi ya mtengeneza marashi Olivia Giacobetti. Lakini absoluti ya majani ya mtini imepigwa marufuku na IFRA, shirika la kimataifa la wenye viwanda vya manukato. Ina furokumarini, ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likawaka, ngozi huungua na kubaki na mabaka. Aliyewahi kukamua ndimu nyingi juani anaijua habari hiyo. Kwa jua letu la Mtwara sitaki hata kuijadili. Nikitaka mtini naujenga: vayoleti, blakikaranti kidogo sana, na sandali kwa ajili ya ule umaziwa.

Majani makavu ni ulimwengu mwingine. Jani likifa, kijani hutoweka, na rangi za njano zilizojificha chini yake huvunjika zikazaa ayononi na damaskenoni, harufu zinazofanana na tufaha lililopikwa, zabibu kavu, tende. Ndiyo maana absoluti ya chai na ya tumbaku zina tunda ndani yake, tunda la mzee. Ya tumbaku nunua iliyoondolewa nikotini, kwa kuwa nikotini hupenya ngozini.

Mtaniuliza kuhusu majani ya kwetu. Jani changa la mwembe, lile jekundu, ukilifikicha linanukia embe bichi na tapentaini, na mimi nalipenda mno. Lakini mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na utomvu wake unaweza kuwasha kama mafuta ya ganda la korosho, ingawa si kwa ukali ule. Mloweko wake nautumia kwenye nguo na mapazia, kwenye ngozi hapana. Majani ya mpera yananukia viungo vya chakula zaidi kuliko tunda. Ya mlimau yakitolewa mafuta kwa mvuke ni salama kuliko maganda yaliyokamuliwa, kwani furokumarini ni nzito, hazipandi na mvuke. Alkoholi ya kulowekea iwe safi, ya asilimia 95. Nipa, ile gongo ya mabibo, mbali na kuwa haramu kisheria, ina maji na vitu vingine usivyovijua, na spiriti ya rangi ina sumu ya methanoli.

Chupa hifadhi kwenye friji, maana joto letu huzichosha absoluti hizi haraka. Ile ya blakikaranti ifunge kwanza ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, la sivyo siagi yote itanuka paka.