Soltar si kuachia tu: dhana potofu kuhusu kitenzi kimoja cha Kihispania

Wanaojifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza hukutana mapema na kitenzi soltar, na kwa kuwa kamusi nyingi hukifafanua kwanza kwa "release" au "let go", wengi huamini kwamba popote Mwingereza atakaposema "let go", msemaji wa Kihispania atasema soltar. Imani hiyo ni kweli nusu. Suelta la cuerda ni achia kamba, na ¡suéltame! ni niachie. Lakini mwajiri akisema "we let him go", amemwachisha mtu kazi, na hapo Kihispania hutaka despedir. Ukisema lo soltaron, msikilizaji ataelewa kwamba mtu huyo alikuwa mahabusu na sasa yuko huru. Mtego huo unatuhusu na sisi, maana kwa Kiswahili husema msanii ameachia wimbo, ilhali Kihispania cha kawaida ni lanzar au sacar, na filamu hutumiwa estrenar.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba soltar daima ni kuacha kwa upole kitu kilichoshikwa. Soltar un grito ni kupiga ukelele, soltar una carcajada ni kuangua kicheko, na soltar una bofetada ni kuzaba kofi, ambapo "let go" haifai hata kidogo. Anayeropoka jambo mbele za watu, lo suelta, na Kiingereza kitasema "blurt out". Asiyefungua kinywa no suelta prenda. Mwalimu wa udereva naye humwambia mwanafunzi suelta el embrague poco a poco, yaani ainue mguu kwenye klachi taratibu, na anayeshika neno la kwanza tu bila kusubiri matatu ya mwisho, gari litaruka mbele na kuzima. Soltarse en inglés nako si kuacha Kiingereza, bali ni kuanza kukizungumza bila kusitasita.

Wapo pia wanaotaka kusema "nimeachia" wakatunga he suelto, kwa kufuata mfano wa he vuelto, nimerudi. Sahihi ni he soltado. Suelto ni kivumishi cha kitu kilicholegea au kisichofungwa, nacho kimetoka katika Kilatini solutus, cha kitenzi solvere, kufungua. Lakini wanaosema kwamba soltero, mtu asiyeoa, ni aliyeachiwa huru na ndoa, wamejitungia kichekesho kizuri tu, kwa sababu neno hilo limetokana na solitarius, aliye peke yake. Na muuzaji wa duka akikuuliza ¿tiene suelto? huku ameshika noti yako kubwa, hakuulizi kama una kitu kilicholegea; anaomba pesa ndogo, kwa kuwa hana chenji.