Kabla hujaongeza bando, uliza kasi ya kupakia

Katika hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe, dada wa mapokezi alikuwa na mazoea ya kubeba kompyuta yake hadi baraza ya nje kila anapotaka kufungua jedwali la vyumba lililoko mtandaoni. Jedwali hilo hulitumia watu watatu: yeye, meneja aliyeko Paje, na kijana anayepokea maombi ya wageni akiwa kwao Chake Chake. Nilimuuliza kwa nini hakai ndani kwenye kiti chake. "Ndani linazunguka tu, kaka. Mwisho nampigia meneja, ananambia kwa mdomo, naandika daftarini."

Daftari hilo lilinishughulisha sana. Hoteli inalipia intaneti, inalipia na programu ya kufanya kazi pamoja, na bado vyumba vinaandikwa kwa kalamu. Mara mbili chumba kimoja kilipewa wageni wawili tofauti.

Katika kazi yetu ya kuwashauri wafanyabiashara wa Unguja na Pemba kuhusu TEHAMA, swali tunaloulizwa kila siku ni "ninunue bando la ngapi?" Kinachoulizwa hapo ni kasi ya kupakua, yaani kupokea. Ukitazama filamu, unapokea tu. Ukiwa kwenye mkutano wa video, au ukirekebisha faili la pamoja lenye picha, unapokea na kutuma kwa wakati mmoja, na vifurushi vingi vina kasi kubwa ya kupokea na ndogo ya kutuma, yaani kupakia. Mkutano wa video wenye picha safi huhitaji kiasi cha megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde kwenda, na karibu hivyo hivyo kurudi. Mwenye megabiti 20 za kupakua na nusu megabiti ya kupakia atawaona wenzake vizuri, lakini wao watamwona ameganda na sauti inakatika, halafu watamwomba azime kamera. Wiki ya tatu haingii tena mkutanoni.

Megabiti si megabaiti, hapo wengi huteleza. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Mkutano unaotumia megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, tena kwa upande mmoja tu. Mwenye bando la gigabaiti 1 ajipigie hesabu mwenyewe.

Lakini hata kasi hiyo si kitu kama mtandao unasuasua. Mimi humshauri mtu achague laini ya megabiti 5 isiyokatika kuliko ya 30 inayokuja na kuondoka. Jedwali la pamoja lina faida pale tu kila mmoja anapoandika humo. Yule wa mapokezi akishindwa kulifungua akaandika daftarini, wale wawili wengine nao jedwali lao limeshaharibika: wanaona chumba kiko wazi, kumbe kina mtu. Kwa hiyo anayeamua kama biashara nzima itatumia chombo hicho ni yule mwenye mtandao mbovu kuliko wote. Ndiyo maana biashara nyingi hapa zimebaki kwenye WhatsApp. Ujumbe unasubiri kwenye simu, mtandao ukirudi unaondoka. Siwalaumu, ila hesabu ya vyumba au ya magunia ukiiweka kwenye ujumbe, kesho imeshazama chini ya picha za harusi.

Pale hotelini, shida kubwa ilikuwa ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene mno, na mawimbi ya ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti ndani, hayazipenyi kirahisi. Ruta ilikuwa chumba cha nyuma. Tulivuta waya hadi kwenye meza ya mapokezi, kisha tukatenga mtandao wa wageni na wa afisi, maana usiku wageni wanapotazama filamu laini nzima ilikuwa yao. Bando halikuongezwa hata kidogo.

Anayetaka laini ya pili ya akiba aulize inapita wapi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kwenye pwani ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Kununua laini kwa kampuni mbili hakusaidii kama zote zinapita kwenye mkongo ule ule.

Kwa kuanzia, pima kasi ya kupakia ukiwa umekaa pale pale unapofanyia kazi, asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa wiki nzima, uandike. Wenzako wa Pemba nao wapime kwao. Ukienda kwa muuzaji na karatasi hiyo mkononi, mtazungumza vingine.

Waliokuwepo Unguja wanalikumbuka giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Ruta bila umeme ni boksi tu, kwa hiyo iwekewe betri. Daftari la yule dada nalo nilimwomba asilitupe. Liko chini ya meza, na wamekubaliana kwamba mtandao ukikata ni yeye peke yake anayeruhusiwa kutoa chumba, na ukirudi, anahamishia jedwalini kwanza kabla hajashika simu nyingine.