Imeandikwa wapi? Haki ya Mwanglikana mbele ya mhubiri

Kundi jipya la makatekista linapoketi mbele yangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, jambo la kwanza ninaloliandika ubaoni ni Kifungu cha 6 kati ya vile Vifungu 39 vya imani ya Kianglikana. Nakiandika kwa Kiswahili, polepole, kila mmoja akinakili: Maandiko Matakatifu yana mambo yote ya lazima kwa wokovu, basi neno lolote lisilosomwa humo, wala lisiloweza kuthibitishwa kwayo, mtu yeyote asilazimishwe kuliamini kama sehemu ya imani, wala lisihesabiwe kuwa la lazima kwa wokovu.

Wengi wao wamekulia Kanisani na hawajawahi kukisikia. Wakishanakili nawauliza: kifungu hiki kinamwekea mpaka nani? Karibu wote hujibu kwamba kinamkataza mwumini kuamini ovyo. Ndipo nawaomba wasome tena. Anayewekewa mpaka pale ni yule mwenye uwezo wa kulazimisha: mhubiri, askofu, sinodi, mimi ninayefundisha. Mwumini anapewa haki. Anaweza kuuliza jambo hili limeandikwa wapi, na asipoonyeshwa, arudi nyumbani na dhamiri safi.

Nakaa sana hapo kwa sababu ya mji tunaoishi. Ukitembea kutoka Majengo hadi Ndosho utapita vyumba vya maombi vingi, na katika baadhi yake wokovu umeongezewa masharti: mafuta fulani, maji fulani, kufunga kwa idadi ya siku aliyoota mtumishi, na juu ya yote sadaka ya kupanda mbegu. Wanaoingia humo ni watu waliochoka. Wamepoteza shamba, mume, kazi, mtoto. Mtu aliye katika hali hiyo atatoa chochote akiambiwa kwamba Mungu anakidai. Hapo ndipo mafundisho sahihi ya Biblia yanapomgusa mwumini mdogo kuliko wote, na ndiyo maana nakataa kabisa kauli kwamba doktrini ni mambo ya wasomi wa chuo.

Wakati kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilipokuwa zimejaa wadeplase, yaani wakimbizi wa ndani, waliokimbia vita vya Rutshuru na Masisi, mama mmoja mjane alinijia na swali. Alikuwa ameambiwa katika chumba cha maombi kwamba watoto wake hawaponi kwa sababu hatoi fungu la kumi la unga na mafuta anayopokea ya msaada. Alisomewa Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani". Alikuwa ametoa. Sasa aliuliza kama anapaswa kulipa pia zaka ya miezi iliyopita.

Tulifungua Malaki, tukasoma sura nzima ya tatu. Aya tano kabla ya ile aliyosomewa, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wale wanaomwonea mtu wa mshahara, na mjane, na yatima, na wanaompotosha mgeni. Kisha tukaenda Kumbukumbu la Torati 14:28-29. Huko kila mwaka wa tatu fungu la kumi lote linawekwa malangoni, naye Mlawi, mgeni, yatima na mjane wanakuja, wanakula na kushiba. Mama yule alikuwa mgeni, tena mjane, na watoto wake yatima. Katika Torati ya Musa, zaka hiyo ililetwa ili yeye ale. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniomba nimwandikie namba za aya hizo kwenye karatasi.

Matoleo ni ibada, na nawahimiza Wakristo watoe. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 9:7 kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Lakini kuchukua aya moja, kuificha sura yake, na kuielekeza kwa mjane, hilo Kanisa letu lilikwisha kulizuia. Kifungu cha 20 kinasema Kanisa halina ruhusa ya kuagiza lolote lililo kinyume cha Neno la Mungu lililoandikwa, wala kueleza mahali pamoja pa Maandiko hata papingane na mahali pengine. Sentensi hiyo peke yake ingetosha kuwaokoa wengi na njaa.

Mfano wa pili kila mkazi wa Goma anaujua. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama Buhene, na siku chache baadaye watu walikimbilia Sake, Minova na Gisenyi. Mara zote mbili nilisikia mahubiri kwamba moto ulishuka kwa sababu ya dhambi za Goma: mabaa yake, wanawake wake, siasa zake. Aliyeunguliwa nyumba akaongezewa hukumu.

Sasa soma Luka 13:1-5. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao. Yesu mwenyewe anaongeza habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Habari ya kwanza ni ya watu waliouawa na wenye silaha, ya pili ni ya maafa yasiyo na mtu wa kushtakiwa. Sisi tumepata yote mawili. Na mara zote mbili Yesu anaulizwa, kwa kweli anajiuliza mbele yao, kama waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine, na mara zote mbili anajibu: "Sivyo." Anachoongeza ni wito wa toba kwa wote waliosimama pale wakiwa hai, na mhubiri yumo. Anayetaka kuhubiri juu ya volkano aanze na "sivyo" hiyo. Na anayemwita mtoto mchawi kwa sababu familia imepata mikosi asome pia Yohana 9:3, ambapo Yesu anasema juu ya kipofu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Tena ajue kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu.

Katika kalenda ya masomo ya miaka mitatu inayotumiwa na makanisa mengi ya Kianglikana duniani, Luka 13:1-9 inaangukia Jumapili ya tatu ya Kwaresima, mwaka C, yaani mwaka wa tatu. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 23 Machi, haijatimia miezi miwili tangu vita viingie mjini. Hakuna mhubiri wa Goma ambaye angethubutu kulichagua somo hilo mwenyewe juma lile. Hii ndiyo faida kubwa ya kusoma kwa utaratibu: Neno linamjia mhubiri bila kumwomba ruhusa. Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Canterbury aliyeandaa Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kianglikana, aliliona jambo hilo. Katika dibaji ya kitabu hicho cha 1549 alilalamika kwamba vitabu vya Biblia vilikuwa vinaanzwa, zikasomwa sura tatu au nne, kisha vikaachwa. Akapanga Zaburi zote zimalizike kila mwezi na Agano Jipya lisomwe mara kadhaa kwa mwaka, kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Alichomwa moto Oxford tarehe 21 Machi 1556 kwa ajili ya imani yake.

Wapo wanaotuambia kwamba sisi Waanglikana hatuna mafundisho, tuna sherehe tu na kanzu. Wasome maswali ya kumpa mtu ukasisi. Anaulizwa kama ameamini kwamba Maandiko yana mafundisho yote yanayohitajika kwa wokovu, na kama atawafundisha watu hayo tu anayoweza kuyathibitisha kwayo. Wasome pia ibada ya kawaida ya Jumapili. Mama asiyejua kusoma anasimama akikiri Imani ya Nikea, ambayo mizizi yake ni mtaguso wa mwaka 325, na kwa kinywa chake anasema kwamba Kristo ni Mungu kweli na alisulubiwa kwa ajili yetu. Anayo imani nzima kichwani mwake, na hakuna wa kumnyang'anya.

Ila asipofundishwa maana yake, itabaki mdomoni. Hapa nasema na wenzangu makasisi. Nimekaa katika ibada za saa tatu ambamo korali ziliimba kwa zamu, matangazo yakachukua muda mrefu, na mahubiri yakapewa dakika zilizobaki. Nehemia 8:8 inasema Walawi walisoma kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata watu wakayafahamu yaliyosomwa. Sisi mara nyingi tunaishia kwenye kusoma.

Tena kwetu Kongo mzigo huu unamwangukia katekista kuliko kasisi, kwa sababu ya historia. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alifika Boga, huko Ituri, mwaka 1896 akitokea Uganda, ambako misheni iliwafundisha kusoma wale waliotaka ubatizo. Alifariki Boga mwaka 1933. Baada yake Kanisa lilienezwa sana na waumini wa kawaida waliohamia miji mingine, hata Boga ikawa dayosisi mwaka 1972, Bukavu mwaka 1976, na Kongo ikawa jimbo la Kianglikana linalojitegemea mwaka 1992. Hadi leo kapela nyingi humwona kasisi mara chache. Anayefundisha juma hadi juma ni katekista, mara nyingi bila kitabu chochote cha maelezo kwa Kiswahili, kwa kuwa vilivyopo ni vya Kifaransa.

Aprili 2023 maaskofu na wajumbe wa Kianglikana kutoka nchi nyingi walikutana Kigali, upande wa pili wa mpaka wetu, wakajadili mamlaka ya Biblia na mgogoro na Kanisa la Uingereza juu ya kubariki wapenzi wa jinsia moja. Naliunga mkono neno lao kwamba Kanisa linatawaliwa na Maandiko. Lakini kulitangaza Kigali ni kazi nyepesi kuliko kulitii katika mahubiri ya Jumapili hapa mtaani Katoyi, zaka inapotajwa na wajane wameketi mbele.

Ninachowaomba viongozi wa kapela ni hiki. Anayejiandaa kwa kipaimara ajue kwa moyo Imani ya Mitume, Amri Kumi na Sala ya Bwana, na aweze kueleza kila sentensi kwa maneno yake mwenyewe, awe anajua kusoma au hajui. Baada ya ibada tengeni nusu saa ya maswali juu ya somo, mhubiri akiwa ameketi pamoja na watu, Biblia zimefunguliwa. Maswali ya kwanza yatahusu ndoto, mahari, zaka na wafu. Yajibuni bila haraka, kwa sababu hayo ndiyo yanayowanyima watu usingizi. Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16. Mkisoma sura moja kila juma mtaimaliza kabla ya miezi minne, na asiye na Biblia asomewe na jirani yake.